Mfuko wa nailoni haukuwahi kuwa nailoni

Kuanzia Wete hadi Kisumu, mfuko mwepesi wa dukani umekuwa ukiitwa mfuko wa nailoni. Haukuwa nailoni hata siku moja. Ulikuwa polithini, kitu chenye asili nyingine, tabia nyingine na mwisho mwingine. Nailoni yenyewe ilikuwa, na bado iko, mikononi mwa wavuvi: ni wavu, ni jarife, ni mshipi. Yapo makosa ya majina yasiyomdhuru mtu, na sidai kwamba lugha ya sokoni ifuate vitabu vya maabara. Lakini kosa hili limetoka sokoni likaingia katika sheria, katika mipango ya usafi na katika fikra zetu. Tunaitaja plastiki kama kitu kimoja, tunaipiga marufuku kama kitu kimoja, tunaiokota ufukweni kwa gunia moja na kuifukia katika shimo moja. Gharama yake inawaangukia zaidi watu wa visiwa vidogo, wasio na mahali pa kuficha taka. Fundo, kisiwa chembamba kilicho magharibi ya Wete, Pemba, ni mahali pa kuliona tatizo hili kwa uwazi, na naamini ni mahali pa kuanza kulitatua.

Kemia ilikwisha kuvitenganisha vitu hivi zamani. Mwaka 1929 Wallace Carothers, mkemia wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, alipendekeza polima zigawanywe mafungu mawili kwa kuangalia zinavyoungwa. Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoshikana, mamia au maelfu, pete baada ya pete. Fungu la kwanza ni la kujumlisha. Chukua ethilini, gesi ambayo kila molekuli yake ina atomi mbili za kaboni zilizoshikana kwa mikono miwili. Ikibanwa na kuchochewa, mkono mmoja unaachia na kumshika jirani, jirani naye anamshika jirani yake, na mnyororo unakimbia mpaka mwisho bila kitu chochote kubaki nje. Uzito wa mnyororo ni uzito wa walioingia. Hivyo ndivyo polithini ilivyopatikana Winnington, Uingereza, mwaka 1933, na polipropilini ikafuata nchini Italia mwaka 1954 katika maabara ya Giulio Natta. Ndoo, madumu, mifuko, kamba za buluu na kijani zinazofungia madau: kwa sehemu kubwa vyote ni vya ukoo huu.

Fungu la pili huungwa kwa kutoa. Hapa kila molekuli inakuja na ncha mbili zilizo tayari kukutana na ncha za nyingine, na kila zinapokutana kitu kidogo hudondoka, mara nyingi maji. Ni kama fundi wa jahazi anayeunga mbao kwa kuzichonga: kiungo hakikai mpaka maranda ya mbao yaanguke chini. Kwa njia hii Carothers na wenzake walitengeneza nailoni mwaka 1935, wakiunga asidi yenye kaboni sita na amini yenye kaboni sita, na maji yakitoka katika kila kiungo. Kwa njia ya jinsi hiyo Waingereza John Whinfield na James Dickson walipata mwaka 1941 ile poliesta ambayo leo ndiyo chupa angavu ya maji na soda, yenye herufi PET chini ya kitako chake. Na hapa ndipo tofauti inapovuka ukuta wa darasa. Kiungo kilichozaliwa kwa kutoa maji kinaweza kufunguliwa kwa kurudishiwa maji, penye joto na kichocheo cha kutosha, na kinachopatikana ni zile molekuli za mwanzo, tayari kuungwa upya kama zilivyokuwa. Mnyororo wa polithini hauna mlango wa namna hiyo. Uti wake wa mgongo ni kaboni juu ya kaboni, na maji hayana pa kushika. Ukiuchoma bila hewa hukatika ovyo: vipande virefu na vifupi, mafuta, nta, gesi. Ile ethilini ya mwanzo huipati ila kidogo.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo la ajabu zaidi. Kiungo kinachoishika nailoni, yaani amidi, ni cha aina ile ile inayoshika protini katika nyama ya samaki anayenaswa nayo. Kiungo cha chupa, esta, ni cha aina ile ile iliyomo katika mafuta ya nazi. Viumbe hai vimezoea kufungua viungo hivi kwa muda mrefu mno, kwani bila hivyo hakuna ambaye angesaga chakula tumboni. Ndiyo maana wanasayansi wa Japani waliweza kutangaza mwaka 2016 bakteria, aliyepatikana karibu na kiwanda cha kuchakata chupa katika mji wa Sakai, anayeila PET. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walionyesha kimeng'enya kilichoboreshwa ambacho kilifungua asilimia 90 ya PET iliyosagwa kwa saa 10. Kwa polithini hakuna kinachokaribia hapo.

Mkemia makini atanipinga, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema kwanza kwamba mgawanyo wa Carothers una mianya. Nailoni 6, inayofumiwa nyavu nyingi duniani, iliundwa Ujerumani mwaka 1938 na Paul Schlack kwa kufungua pete ya molekuli iitwayo kaprolaktamu na kuziunga pete hizo ncha kwa ncha, bila tone la maji kudondoka. Nakubali. Lakini kiungo chake ni amidi ile ile, na kwa hiyo nailoni hiyo hurudi kuwa kaprolaktamu ikishughulikiwa kiwandani. Kinachotuhusu sisi si namna harusi ilivyofungwa bali ni kama ndoa inaweza kuvunjwa kwa amani. Atasema pia kwamba zipo polima za kujumlisha zinazofunguka vizuri kwa joto, kama ile ya vioo vya plastiki vigumu. Ni kweli, lakini hiyo si polima ya ndoo wala ya kamba. Pingamizi lake la tatu ndilo zito: wavu wa nailoni uliozama mwambani haufunguki. Maji ya bahari ni baridi mno na hayana kichocheo. Wavu huo utakaa miaka mingi, na katika miaka hiyo utaendelea kuua samaki, kasa na kaa bila mvuvi kufaidika. Hilo sina jibu la kulipunguza, na wala sitaki kulipunguza. Ndiyo sababu hasa ya kudai kwamba nyavu zikusanywe kabla hazijapotea. Uwezo wa kurudi mwanzo uko kiwandani, na wavu uliobaki baharini haufiki kiwandani.

Sasa tuutazame ufukwe wenyewe. Upande wa magharibi wa Pemba, bahari ya Fundo ikiwemo, umo katika Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba lililoanzishwa mwaka 2005. Kinachofika pwani na kinachobaki chini ya maji havichaguliwi kwa bahati. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Ujazo huo huo wa polipropilini una kilo 0.90, polithini kati ya 0.92 na 0.96, zote huelea. Nailoni ina 1.14, PET ina 1.38, zote huzama, isipokuwa chupa iliyofungwa kizibo ikiwa na hewa ndani. Kwa hiyo kamba, vizibo na vipande vya madumu vinavyorundikana kwenye mstari wa maji makuu ni vya fungu la kujumlisha, na huenda vimeelea kutoka mbali sana, wakati nyavu zilizochakaa huzama karibu na pale zilipoachiwa. Anayefanya usafi wa ufukweni bila kujua hili anaweza kuokota magunia kwa magunia na akaamini kazi imekwisha, ilhali sehemu ya taka yenye madhara makubwa kwa samaki, na yenye thamani kubwa kiwandani, hakuigusa. Isitoshe, elimu hii haihitaji maabara. Ndoo ya maji ya bahari inatosha. Kata kipande cha kamba au cha wavu, kikamue hewa ndani ya maji, kisha kiachie: kikizama, kwa nyavu na kamba za wavuvi wetu uwezekano mkubwa ni nailoni au poliesta, kikielea, ni ukoo wa polithini. Bomba la PVC litamdanganya mtu, kwa kuwa nalo huzama ingawa ni la kujumlisha, lakini hakuna anayefuma wavu kwa mabomba. Katika skuli zetu za sekondari kemia hufundishwa kwa Kiingereza, na pengine ndiyo sababu mtoto wa mvuvi anaweza kuyajua majina ya mafungu haya mawili kwa ajili ya mtihani bila kujua kwamba yote mawili yamo ndani ya dau la baba yake.

Turudi kwenye sheria. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Ulikuwa uamuzi sahihi, na kemia inautetea kuliko hata waliouandika walivyoutetea: mfuko wa polithini ni mwepesi, mchafu baada ya matumizi, na mnyororo wake haurudi mwanzo kwa bei yoyote ya maana, kwa hiyo njia bora ni kutoutengeneza. Lakini angalia kilichofuata. Mifuko mbadala iliyojaa masoko ya Bara, ile ya rangi rangi inayofanana na kitambaa, kwa sehemu kubwa ni polipropilini. Watu wengi wanaiita ya kitambaa na kuamini itaoza. Haitaoza. Ni nyuzi za kujumlisha zilizogandamizwa kwa joto, na kwenye jua la pwani zitapukutika kuwa vumbi la plastiki. Faida yake ni moja tu, nayo ni ya kweli: ukiwa mnene, mfuko mmoja hutumika mara nyingi. Ukitengenezwa mwembamba, faida hiyo hupotea na tunarudi tulipotoka tukiwa na jina jipya. Mtego kama huo umo katika plastiki zinazotangazwa kwamba huoza zenyewe kwa sababu zimetiwa chumvi za metali: ni polithini ile ile iliyofanywa ivunjike haraka kuwa vipande visivyoonekana, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2019 kuzipiga marufuku. Sheria inayotaja umbo la kitu, mfuko, mrija, kizibo, itapitwa kila mara na umbo jipya. Sheria inayotaja mnyororo haipitwi kirahisi.

Ninachopendekeza ni kwamba nyavu zitengwe na plastiki nyingine zote, kwa sheria na kwa fedha. Mwaka 2012 Shirika la Elimu ya Wanyama la London na kampuni ya mazulia ya Interface walianza mradi uitwao Net-Works katika visiwa vya Danajon, Ufilipino. Vijiji vya wavuvi maskini, vyenye umbali na shida zinazofanana na za Fundo, vilikusanya nyavu za nailoni zilizochakaa, vikazisafisha na kuziuza kwa kilo. Nyavu zilisafirishwa hadi Slovenia, ambako kampuni ya Aquafil imekuwa tangu 2011 ikiifungua nailoni 6 kuwa kaprolaktamu na kusokota nyuzi mpya za mazulia. Hiki ndicho kitu ambacho kamwe hakingewezekana kwa ndoo na madumu. Kamati za wavuvi za shehia, ambazo tayari zipo ndani ya hifadhi na zinawajua wenye vyombo kwa majina, zinaweza kuwa na banda la nyavu kuukuu: zikatwe risasi na maboya, zikaushwe, zifungwe robota. Mvuvi anayerudisha wavu wa zamani apunguziwe bei ya mpya, na punguzo hilo litoke kwa mwagizaji, kama amana aliyolipa bandarini siku alipoingiza shehena. Amana ina faida ambayo faini haina: inamfanya mtu aufuate wavu wake uliokwama mwambani, kwa sababu kuuacha ni kuacha pesa.

Watasema Slovenia ni mbali na Fundo ni masikini. Hoja ya umbali ingekuwa na nguvu kama hakungekuwa na mwani. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 Zanzibar inalima mwani kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo, na sehemu kubwa ya zao hilo hutoka Pemba. Mwani hukaushwa ufukweni, hutiwa maguniani, huvuka kwa chombo hadi kisiwa kikubwa, kisha husafirishwa hadi Ulaya, Marekani na Asia, na bei anayolipwa mkulima kwa kilo ni ndogo mno. Kama zao la bei hiyo, linaloharibika likiloa, linaweza kufanya safari hiyo kila mwezi, basi robota la nailoni lisiloharibika na linaloweza kungoja mwaka mzima hadi kontena lijae linaweza pia. Njia ipo na vyombo vipo. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenye chombo kwamba kile anachokitupa kina mnunuzi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la haki. Kwa nini mwanakijiji wa Fundo, ambaye hakutengeneza hata gramu moja ya plastiki, abebeshwe kazi ya kuichambua? Hesabu ya watafiti wa Marekani iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza tani milioni 8,300 za plastiki, na kati ya zilizogeuka taka, asilimia 9 tu zilirejelezwa. Mzigo huo haukutoka Pemba. Lakini haki haipatikani kwa kuchanganya madai. Kile kinachoelea kutoka mbali ni dai dhidi ya wengine: dhidi ya miji ya bara, meli, na nchi zilizo ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kile kinachozama karibu ni chetu, na tunaweza kukitendea kazi bila kungoja mkutano wa kimataifa. Kisiwa kinachoweza kuonyesha mizani yake, hiki ni chetu na hiki si chetu, kina sauti nzito kuliko kisiwa kinacholalamikia plastiki kwa jumla.

Kwa zile za kujumlisha ambazo tayari ziko pwani, lililobaki ni kuyeyusha na kumimina upya, bila kudanganyana kwamba tumefunga mzunguko. Jahazi la FlipFlopi, lililoundwa Lamu kwa tani karibu 10 za taka za plastiki chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda na kuzinduliwa mwaka 2018, lilisafiri mwaka 2019 hadi Zanzibar, na mimi nalitaja kwa heshima: mbao zake ni plastiki iliyopewa miaka mingine ya kazi. Hata hivyo kila kuyeyusha hukata minyororo na kuidhoofisha, na siku moja mbao hizo nazo zitakuwa taka. Kwa hiyo swali la maana kwa ukoo huu ni wapi tunaweza kuacha kuutumia kabisa.

Jibu moja liko shambani kwa mwani. Mbegu ya mwani hufungwa kwenye kamba kwa taitai, uzi mwembamba wa plastiki wa ukoo huo huo wa kujumlisha. Kila kamba ina makumi ya taitai, na zile zinazokatwa au kufunguka wakati wa kuvuna huchukuliwa na maji. Mwani huvunwa baada ya wiki 6 hivi. Tunatumia uzi utakaoishi muda mrefu kuliko mkulima na wajukuu wake kwa kazi ya wiki hizo 6. Mwani wenyewe, pamoja na karajini inayotafutwa na viwanda, ni mnyororo wa sukari zilizoungwa kwa kutoa maji. Makumbi ya nazi vilevile, selulosi yake imeungwa hivyo hivyo, na bahari hukifungua kiungo hicho taratibu kwa msaada wa viumbe vyake. Wanawake wa Pemba wamefukia makumbi katika matope ya pwani, wakayapiga na kusokota kamba za usumba tangu kabla ya nailoni kuvumbuliwa, na usumba unajulikana kwa kuvumilia maji ya chumvi. Najua kwamba kusokota ni kazi ya mikono iliyochoka, na wakulima wa mwani wengi ni wanawake hao hao. Kuwaambia waongeze saa bila malipo ni dhuluma. Kwa hiyo gharama ibebwe na wanunuzi, ambao kwa miaka mingi ndio wamekuwa wakiwapa wakulima kamba na taitai: wanunue taitai za usumba kwa bei ya haki badala ya marobota ya plastiki. Kabla ya hapo pafanyike jaribio Fundo, safu chache kwa taitai za usumba na safu chache kando yake kwa za plastiki, msimu mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi, na zihesabiwe mbegu zilizong'oka kila upande wakati wa kuvuna.